Ndizi za Chumba cha Tatu

Watu wakisikia nafanya kazi kwenye ghala la kukuzia bangi, la halali, hapa Pueblo wanacheka, wanadhani tunashinda tumelegea kwenye makochi. Nawatakia wiki moja tu ya kuinama juu ya zile meza. Mgongo wangu umeisha, magoti yameisha, na nywele zangu zinanuka hata siku ya kanisa. Mimi hulalamika kila siku ya Mungu na siombi radhi. Delfina Maestas hakuwahi kulalamika, na yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Delfina ni komadre wangu. Ndiye aliyemshika binti yangu siku ya ubatizo, na tangu hapo hatuitani kwa majina. Alifua mashuka ya hospitali mpaka hospitali ikawapa watu wengine kazi ile, ndipo akaja ghalani, akapanda taratibu hadi akawa mkuu wa chumba cha tatu, chumba cha maua. Mwanamke mfupi, maneno machache, chakula cha mchana anakila amesimama, burito lake, chapati ya kukunja yenye pilipili ya kuchoma, mkono mmoja na mkono mwingine tayari unagusagusa majani.

Kaka yake, Eloy, alikuwa mtu wa kiwanda cha chuma. Walipompunguza, akajifungia kwenye gereji na taa zake na mbegu zake, akawa anachanganya hii na ile mpaka akapata mmea mmoja uliomkosesha usingizi kwa furaha. Maua ya zambarau, mazito, yananukia pichi zilizoiva kupita kiasi. Mapafu yalimuua kabla hajanufaika nao hata kidogo. Alimwachia dada yake kipandikizi kimoja ndani ya kopo la kahawa, na mwenye ghala alipokubali kukiandikisha, Delfina akakikuza kikawa mmea mama. Kutoka kwa mama tulikata watoto, msimu baada ya msimu. Mmea wenyewe tuliuita Eloy, na maduka ya Denver yaliuagiza kwa jina hilo.

Delfina hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na Eloy wa kwanza, akafa, akabaki na huyu wa pili.

Sasa, kwa asiyejua kazi yetu: sisi tunataka majike matupu. Jike asiyepata chavua huendelea kunenepesha maua akisubiri, na maua hayo ndiyo mali. Balaa ni pale jike anapoamua kuwa huntha, akachomoza katikati ya maua yake vijiti vya njano vilivyopinda, ambavyo sisi tunaviita ndizi. Ndizi moja ikipasuka, feni zinaieneza chavua chumba kizima, na maua yote yanajaa mbegu. Bidhaa ya namna hiyo dukani hakuna anayeitaka, unawapelekea wakamua mafuta na unashukuru wakiipokea.

Mwaka mmoja Delfina alibadilishiwa nyonga. Daktari alimkataza kusimama, akakaa nyumbani majuma kadhaa, mimi nikashika chumba cha tatu. Nilifuata kila alichoniambia, maji, chakula cha mimea, joto, upepo. Alipotoka hospitali alinipigia simu mara kwa mara kuniuliza juu ya Eloy, nikamwambia, "Komadre, pumzika, mtoto wako mzima." Siku aliyorudi, akitembelea fimbo, aliingia, akafungua ua moja kwa vidole viwili, akaniita. Nikaangalia. Ndizi. Mmea wa pili, ndizi. Meza ya pili, ndizi, na kwenye maua ya chini mbegu zilishaanza kuvimba.

Kirk, mwenye ghala, hakupiga kelele. Ni mtu wa makamo, mstaarabu, madeni yamemla mashavu. Alisimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Bi Delfina, sina nguvu ya kupoteza chumba tena," alisema. "Tafuteni kinachowasumbua. Kama ni taa, kama ni joto, nitarekebisha. Kama ni mmea wenyewe, uzao wote unatoka, mama na watoto, na hiyo nafasi tunaijaza mmea mwingine."

"Nimesikia," Delfina akajibu.

Tukaanza kutafuta. Bangi yenye maua inahitaji giza kamili nusu ya siku, na ukiikatizia giza lake hata kwa mwanga mdogo inachanganyikiwa, hapo ndipo majike mengi huota ndizi. Hapa kwetu taa zinawaka usiku kwa sababu umeme ni rahisi, mchana ndio giza la mimea. Kwa hiyo mchana, watu wengine wakila, mimi na komadre tulijifungia chumba cha tatu, tukageuza ndoo, tukakaa, tukasubiri macho yazoee. Huwezi kuuona mwanga mdogo mpaka ukae gizani muda mrefu, na mimi gizani nasinzia, kwa hiyo alinipiga teke kila nilipokoroma.

"Umekuja kutafuta mwanga au umekuja kulala?"

"Vyote viwili, komadre. Nina umri wa kufanya vyote viwili."

Tuliona taa ya kijani ya mashine ya kukausha hewa, tukaiziba kwa tepu nyeusi. Tukaona mwanga kama ncha ya sindano pale bomba linapopenya ukuta, tukaziba. Tukapima joto juu ya meza na chini ya meza. Tukapima maji. Nikaifungua saa inayowasha taa, nikaiunganisha upya, inafanya kazi sawasawa. Kila siku Delfina alizidi kuwa mnyonge, uso umesawajika, na mimi nikadhani ni nyonga. Nilimwambia aende nyumbani, akavuta ndoo yake akakaa.

Halafu nikapata. Mpira wa chini ya mlango ulikuwa umechanika, pengine toroli liliukwaruza, na taa ya ukumbini ilikuwa ikiingia, mstari mzima wa mwanga unaolala sakafuni mpaka meza ya kwanza. Nilipiga makofi peke yangu kule gizani.

"Mlango! Komadre, ni mlango! Hawa mabwege wa toroli, nitawavunja miguu. Haya inuka, twende tukamwambie Kirk. Mtoto wako amepona."

Hakuinuka.

"Kaa chini," akasema.

"Nikae nifanye nini? Nimesema nimepata."

"Karibu na mlango tumeweka mmea gani?"

"Ule wa limau."

"Umeuona una ndizi hata moja?"

Ule wa limau ulikuwa meza ya kwanza kabisa, mwanga unaupiga miguuni, na ulikuwa safi. Meza zilizojaa ndizi zilikuwa za Eloy, hata zile za kona ya mbali ambako mwanga wa mlango haufiki. Jambo lenyewe lilikuwa mbele ya macho yangu wiki nzima.

"Si mlango," Delfina akasema. "Wala si ile taa ya kijani. Ni yeye. Amekuwa hivi tangu zamani."

"Zamani ya lini?"

"Tangu gereji ya Eloy."

Akanieleza pale gizani, polepole, kama mtu anayevua viatu vinavyombana. Kaka yake aliziona zile ndizi tangu msimu wa kwanza. Mmea mzuri kuliko yote aliyowahi kupata, na kila ulipofika katikati ya maua ulizichomoza. Mtu mwingine angeung'oa. Eloy alinunua kibano cha kung'olea nyusi akawa anazichuma moja moja kabla hazijapasuka, na alipougua alimfundisha dada yake. Zinapenda kutokea wapi, zinaonekanaje zikiwa bado changa, unazishika vipi zisitawanye vumbi. Alimwambia asimwambie mtu. Watu wakijua watamtupa.

"Kwa hiyo unataka kuniambia," nikasema, "zile alfajiri zote ulizokuwa unatangulia kuja kazini, unatuambia eti unapenda utulivu..."

"Nilikuwa nachuma."

"Kila siku?"

"Kila siku akiwa kwenye maua. Chumba kizima."

Nilikasirika. Siwezi kudanganya, nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, na nashukuru hakuyaona. Mimi huyu nimeandaa naye vyakula vya misiba mingapi? Nimempeleka mwenyewe hospitali, nimemvalisha soksi, na kumbe ile nyonga ameimaliza akichutama chini ya meza kwa miaka kuchuma uchafu wa kaka yake, na hakuona mimi ni mtu wa kuambiwa. Nilimwambia hayo yote kwa sauti ambayo haifai kuandikwa.

"Ningekwambia ungenisaidia," akasema. "Ndiyo maana sikukwambia. Mmoja anatosha."

"Na ulipokwenda kukatwa hiyo nyonga? Ulidhani nini kitatokea?"

"Nilidhani labda safari hii hatazitoa. Nilikuwa nimechoka, komadre. Mtu aliyechoka anadhani mambo ya ajabu."

Mashine za hewa zinanguruma, jasho linatutoka. Nilijifuta uso nikaanza kufikiri, na mimi nikifikiri huwa natafuta njia ya mkato.

"Sikiliza. Mpira wa mlango umechanika kweli, hatumsingizii mtu. Tunamwonyesha Kirk ule mwanga, anabadilisha mpira, roho yake inatulia. Eloy anabaki. Hakuna atakayejua."

"Halafu nani atachuma?"

"Mimi na wewe. Tutagawana meza."

"Mpaka lini?"

Nilikuwa na magoti ninayoyajua.

"Wewe useme tu mpaka lini," akarudia, si kwa ukali, "na mimi nitakwenda kumwambia Kirk ni mlango."

Nilitaka kusema mwaka mmoja. Nilitaka kusema mpaka tutakapostaafu. Nilimwona akilini akiwa na miaka sabini, amepiga magoti kwenye saruji, miwani imejaa ukungu. Alinipapasa begani gizani, akaegemea fimbo yake, akainuka.

Kirk alikuwa ofisini anakula tambi za kopo. Delfina alimwambia akiwa amesimama, bila kuzunguka, kwamba ni uzao wenyewe, kwamba alijua tangu mwanzo, na kwamba maua yote ambayo Kirk aliwahi kuuza kwa jina la Eloy yalikuwa safi kwa sababu yeye Delfina alikuwa akiyasafisha kwa mkono. Nilijipanga kumtetea. Nilikuwa nimeshachagua matusi. Kirk aliweka uma chini.

"Kwa hiyo nilikuwa nauza vidole vyako," akasema.

"Ndiyo."

"Ungeniambia, Bi Delfina."

"Ungemtupa."

Angemtupa, na sote watatu tulilijua hilo.

Mmea wa mama tuliutoa siku ileile. Sheria inataka usagwe mbele ya kamera, uchanganywe na udongo mchafu na maboksi mpaka usitambulike, asije mtu akaokota tawi. Watoto wake, meza hadi meza, walibebwa na wafanyakazi wengine. Mama alichukuliwa na Delfina mwenyewe. Shina lilikuwa nene, ilibidi alikate kwa msumeno wa mkono, na kwa sababu ya nyonga alikaa kwenye kiti kana kwamba anamenya viazi. Niliomba kumsaidia, akakataa. Ile harufu ya pichi ilijaa uani kote.

Alipobakiwa na matawi machache ya juu, Kirk alitoka nje. Alisimama nyuma yetu, anasitasita.

"Bakisha kimoja," akasema. "Kipandikizi kimoja tu. Tutakiweka kona ya chumba cha mimea mama, humo taa hazizimwi, hakitoi maua, hakimsumbui mtu. Kwa ajili ya kaka yako. Nitakiandikisha mimi."

Nilimwangalia komadre. Jamani, nilimwombea akubali. Moyo wangu wote ulikuwa unasema chukua, mwanamke, umepewa bure. Alikishika kile kitawi, laini, kina majani mapya ya kijani kibichi, akakigeuzageuza mkononi. Sikuwahi kumwona akikitazama kitu hivyo.

"Ukinibakizia kimoja," akamwambia Kirk, "mwakani nitakuja kukuomba meza. Na utanipa, kwa sababu wewe si mtu mbaya. Nami nitapiga magoti tena." Akakitumbukiza kwenye mashine ya kusaga. "Washa, komadre."

Nikawasha. Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyebonyeza. Ilichukua muda mfupi zaidi kuliko nilivyotegemea.

Baada ya hapo hakuweza hata kushika ufunguo, kwa hiyo nilimpeleka nyumbani kwa gari lake. Alilia tangu geti la ghala mpaka tulipovuka mto, kilio kikubwa, cha mdomo wazi, na hakujifuta. Akasema, "Alinikabidhi mimi, na mimi nimechoka tu. Sina sababu nyingine. Nimechoka." Nikamwambia inatosha, hiyo ni sababu, anayebisha aje abishane na mimi. Sijui kama alinisikia. Tulipofika mbele ya nyumba yake alikuwa ameshalala, kichwa kwenye kioo, mikono imefunguka mapajani. Nyumbani kwangu nyama ya kuwapikia wangu ilikuwa kwenye friji, na bado nilitakiwa kurudi kufuata gari langu. Nilizima injini, nikakaa, nikamwacha alale.