Tumbaku Mkononi mwa Profesa

Kinyongo cha Verna Wapass kilikuwa kimekomaa kuliko wanawe. Alipokuwa msichana, mzungu mmoja mwanafunzi wa chuo alikuja kijijini kwao, kwa wenyeji wa asili wa nyanda za Saskatchewan, akamwomba bibi yake Josephine amsimulie visa vya Wisakejak, yule mjanja wa hadithi zao. Ilikuwa Julai, na visa vile havitolewi mpaka theluji ilale chini; kuvitoa wakati wa joto ni kuita msiba. Bibi akakataa. Yule akarudi na mashine ya kunasia sauti, akarudi tena, mpaka bibi akachoka, akasimulia.

Vuli ile mjomba wake Verna alizama ziwani. Watu wakanong'ona kwamba bibi ndiye aliyeuita msiba. Baridi ilipoingia, hakuna aliyebisha hodi kwake kuomba hadithi. Akafa amefunga kinywa.

Yule mzungu sasa aliitwa Profesa Kessler. Katika digrii ya masomo ya wenyeji wa nchi, hakuna aliyehitimu bila kufaulu somo lake la hadithi za baridi. Verna, watoto wakiwa wamekua, alikuwa ameingia mwaka wa mwisho.

Siku ya kupanga masomo, binamu yake Darlene alikuwa kwenye meza ya uandikishaji.

"We dada, leo umevaa sketi ya riboni, ya sherehe! Unakwenda kuposwa?"

"Nakwenda kuposa."

Darlene akakiona kifurushi cha kitambaa chekundu mkononi mwake. Kicheko kikamkauka. "Mama wee, tumbaku! Ukimkasirisha huyo, digrii utaisikia redioni."

"Nishikie hapa nafasi. Narudi."

Kessler alikuwa katikati ya ukumbi, amezungukwa na wanafunzi. Verna akampa kifurushi kwa mkono wa kushoto, ulio karibu na moyo. Profesa akakipokea papo hapo, akawatazama vijana kama anayesema, mnaona?

Mtu wa kwao, akijua kwamba anayetoa tumbaku ana ombi, angeuliza kwanza, "Unataka nini kwangu?" Angekiacha kifurushi mezani mpaka asikie, kwa kuwa ukishakishika huna tena ruhusa ya kukataa.

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

"Waambie hawa watoto visa unavyofundisha ulivipata kwa nani, na mwezi gani. Na kama alitaka."

Kessler akanyoosha mkono kumrudishia. Verna akaweka mikono yake nyuma.

"Tumbaku hairudishwi, Profesa. Si unatufundisha wewe mwenyewe?"

"Tunasikiliza!" Darlene akapaza sauti kutoka mezani kwake.

Ukumbi mzima ukageuka. Profesa akakitazama kile kitambaa chekundu.

"Josephine Wapass," akasema. "Julai. Alinikatalia. Nikamsumbua."

"Na baadaye yalimpata yapi?"

"Sijui."

"Ungejua kama ungerudi hata kumzika."

Verna akamwacha hapo, akarudi mezani. Alikuwa amedhani atasikia raha, lakini kilichomjia ni sura ya bibi peke yake kando ya jiko, akisubiri hodi.

"Umemmaliza," Darlene akanong'ona. "Sasa nikuandikie nini? Lugha, na lile lake uliache mpaka mwakani?"

"Niandikie hadithi za baridi."

"Kwa Kessler? Dada, atakufelisha!"

"Na anifelishe. Nitalirudia mwakani. Nataka kila akifungua kinywa kusimulia, aanze kwa kuniona mimi."

Darlene akachukua kalamu, akaandika.