Nyimbo Tatu za Sauti Yangu

Dada yangu alipofariki, watu walinipa pole mwezi mzima, kisha wakaanza kuniuliza kama na mimi naimba. Mimi ni dobi. Nanyoosha mashati ya watu tangu asubuhi mpaka mgongo useme basi. Mwimbaji alikuwa yeye, tena wa bendi ya ukumbini, na ile sauti yake nyembamba ya juu mama aliisifia mpaka kwa wauza mkaa.

Kiongozi wa bendi ni mpiga kinanda, mzee mfupi asiyejua kubembeleza mtu. Alikuja dukani kwangu miezi mitatu baada ya mazishi, akasimama katikati ya mashuka yaliyoning'inia.

"Nimebaki bila mwimbaji," akasema. "Njoo nikujaribu. Andika nyimbo unazotaka kuimba."

Sikufurahi, sikuogopa. Nilikuwa nimekufa ganzi siku hizo; mteja akinitukana, namwitikia asante. Nilikubali kwa sababu moja tu, mama. Alikuwa hatoki nje, haongei, chakula anadonoa. Nilipomwambia nitaimba, aliinua kichwa.

"Utauimba ule wake?"

Ule wake ni wimbo ambao dada alikuwa akimalizia nao kila Jumapili. Nikasema nitauimba.

"Basi nitakuja," akasema mama.

Nikaandika nyimbo kumi na moja nyuma ya karatasi ya kalenda, zote za dada, ule wake ukiwa wa kwanza. Nikaipeleka ukumbini; mzee akaisoma, akakuna kidevu. "Haya, anza." Loo! Nilifika nusu tu, sauti ikapasuka. Mpiga ngoma akajitia anakaza ngoma yake ili asinicheke usoni.

"Hizi umezichagua kwa nini?" mzee akauliza.

"Nazipenda."

"Hata mimi nimependa wengi, sikuwaoa wote. Hebu hesabu mpaka kumi, kama unavyohesabu mashati."

Nikahesabu. Yeye anagusa kinanda huku anasikiliza, anashuka, anashuka, mpaka akatua kule chini ambako dada hakuwahi kufika. "Sauti yako inakaa hapa," akasema. "Kwa kuanzia, imba zinazokaa hapa. Maneno uyaelewe, pumzi isikuishie. Na usichukue wimbo ambao watu wakiusikia wataanza kumtafuta mtu mwingine."

Akachukua kalamu, akafuta tisa, ule wake ukiwemo. Zikabaki mbili. Zilitakiwa tatu, na ya tatu tuliihangaikia wiki nzima. Moja ilikuwa ya mahaba, nikaonekana mwongo mchana kweupe. Nyingine ilinimaliza pumzi kabla ya kiitikio. Mwishowe tukapata wimbo wa zamani wa mtu anayehama nyumba. Hauna hata neno moja la kilio, anataja vyombo anavyofunga, basi. Huo niliuweza siku ile ile.

Lakini nilikuwa nimemwahidi mama. Nikamwomba mzee tuushushe ule wa dada mpaka nilipo mimi. Tukaushusha. Niliufikia, ila ulitoka kama tangazo la msiba redioni.

"Amua mwenyewe," akasema mzee. "Mama yako ni wako."

Usiku na mchana niliwaza, halafu nikaamua kuuacha, na mama sikumwambia. Niliogopa hatakuja.

Jumapili saa kumi alasiri akaja. Alikaa mstari wa mbele, amevaa gauni lake la mazishini, mkoba mapajani. Nikaimba zangu tatu. Sauti haikukatika hata mara moja. Watu wakapiga makofi, wala si ya huruma, na mzee akanikonyeza kwamba kazi nimepata. Nilijua hapo ndipo mtu anapofurahi. Nikaitafuta hiyo furaha, sikuiona. Nilikuwa namwangalia mama, na mama alikuwa bado anangoja.

Wapigaji wakaanza kukunja nyaya. Nikashuka, nikakaa kando yake.

"Na ule wake?"

"Sikuuimba, mama. Siuwezi."

"Kwa hiyo sikumsikia."

"Hukumsikia."

Akafungua mkoba, akaufunga. Nilitamani hata anigombeze, lakini wapi.

"Na hii sauti nzito," akasema, "umeianza lini?"

"Tangu utotoni, mama. Tulipokuwa tunaosha vyombo jikoni na wewe unatusikiliza ukiwa barazani. Yeye alikuwa anaimba juu, mimi naimba chini."

Mama alinitazama kama ananihesabu.

"Mimi nilikuwa namsikia mmoja," akasema.

"Najua, mama," nikamjibu. Na kwa kweli nilijua miaka yote, ila siku hiyo ndiyo iliniuma.