Viti Vilivyotoka Nje

Mume wangu alipoanguka kwenye mjengo katikati ya jiji, hakuvunjika mfupa. Kilichoumia ni mishipa ya bega, na mkono wa kulia ukabaki ukining'inia tu. Hospitalini walimweleza kwa upole: mkono usipofanyishwa mazoezi kila siku utakauka, na ukishakauka haurudi. Yeye alikuwa fundi wa plasta. Mkono ule ndio uliokuwa kazi yake.

Hakufanya mazoezi. Alilala akitazama mabati.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilishona mapazia katika duka moja mjini. Siku moja tulitumwa kupima madirisha kwa mteja, msichana wa kizungu aliyeingia hata benki na ndala. Sebuleni kwake hapakuwa na kiti. Palikuwa na mikeka, mito ya rangi sakafuni, vikapu ukutani, na vitambaa vya maua vikishuka kutoka darini. Aliuita mtindo wa kibohemia. Nilipoketi kwenye mto mmoja, mgongo wangu ukalegea kwa mara ya kwanza tangu mume wangu aanguke. Nikawaza, chumba cha mazoezi kikiwa hivi, nani atakataa kuingia?

Tulikuwa na vyumba viwili Riruta, pembezoni mwa jiji, nikaamua sebule iwe ya mazoezi. Vyuma vya mazoezi si kazi ngumu, hata wewe utaviweza. Tafuta makopo mawili ya mafuta ya kupikia yaliyo sawa. Simamisha bomba katikati ya kopo la kwanza, mimina saruji yenye kokoto ndogo, uache siku tatu kabla ya kugeuza ufanye upande wa pili. Kwa mkono dhaifu, anza na makopo ya majani chai yenye mchanga mtupu. Nilipitisha pia kamba ya katani juu ya boriti ili mume wangu avute kwa mkono mzima na ule mgonjwa uinuke, na mwisho wa kamba nikauzungushia vitambaa usimkwaruze kiganja.

Jumamosi moja kaka yake alimpeleka hospitali. Nikamwomba jirani tusaidiane. Tulitoa viti na meza, tukavipanga nje chini ya paa. Tulitandika mikeka ukuta hadi ukuta, tukatundika vikapu vya kiondo na mabaki ya mapazia niliyokuwa nimeyakusanya dukani, mengi meupe yenye maua. Chumba kilipendeza. Jirani alisema kama si watoto wake angehamia humo.

Walirudi saa tisa. Kaka yake ndiye aliyetangulia. Alipoona vile viti nje alisimama, akavua kofia, akanijia polepole.

"Shemeji," akaniuliza, "ni nani ametuacha?"

Sikumwelewa. Mimi ni wa Uthiru, hapo jirani; sikuwahi kukaa kwao magharibi wakati wa msiba, sikujua kwamba viti hutolewa nje na marehemu hulazwa sebuleni penye mikeka na vitambaa. Mume wangu alikuwa ameshafika mlangoni. Alitazama mikeka, akatazama vitambaa, akatazama mahali meza ilipokuwa.

"Si unaona ni mimi," akamjibu kaka yake. "Wamenitandikia."

Nilieleza. Nilivuta kamba aone inavyofanya kazi, nikainua kopo. Kaka yake alijaribu kucheka, akamwambia kwamba maiti haipewi vyuma. Mume wangu hakucheka. Alipita kando ya ukuta kana kwamba katikati ya chumba palikuwa na mtu amelazwa, akaingia chumbani, akalala akigeukia ukuta.

Jioni ile ile nilirudisha viti na kushusha vitambaa. Haikusaidia. Kwake sebule ilikuwa imekwisha kuwa mahali pake pa kulazwa, na kila nilipompelekea kopo kitandani alilisukuma kwa mkono mzima.

Kama una mgonjwa na unataka kumpambia chumba, mpambie, usiogope. Ila muulize kwanza jinsi kwao wanavyoandaa nyumba mtu akifa. Mimi nilijua kushona, nikadhani inatosha.

Mvua za masika zilipoanza, vidole vilikuwa vimejikunja. Hospitalini mhudumu alijaribu kuvinyoosha kimoja kimoja, kisha akaurudisha mkono wa mume wangu pajani na kuandika kitu. Hakutupa tarehe ya kurudi.

Tangu siku hiyo nilimfunga vifungo vya shati kila asubuhi. Alinyanyua kidevu, nami nilianzia chini kwenda juu, ili nikifika shingoni niwe nimeshazoea kutomtazama machoni.