Sentensi Niliyomficha Mama

Siku tulizokimbia vita, tukikatiza porini kutoka Palma kuelekea Afungi, huku kwetu kaskazini mwa Msumbiji, mama alikuwa akikaa chini kila baada ya hatua chache, nami nilimgombeza. Nilidhani ni woga. Tuliporudi nyumbani ndipo alipopimwa, tukaambiwa vali inayotoa damu moyoni imekakamaa na damu inapita kwa taabu.

Ndugu zangu walihangaika mpaka tukamfikisha hospitali moja ya Maputo. Kwa umri wake hawakutaka kumpasua kifua. Walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, wakaupandisha mpaka moyoni, wakaacha vali mpya mle ndani. Siku ya tatu alitembea mwenyewe kwenye ukumbi wa wodi, akasema kifua kimekuwa chepesi.

Kabla ya kuruhusiwa tuliitwa na daktari. Mama hajui Kireno. Mimi nafundisha shule ya msingi, kwa hiyo nilikuwa mdomo wake. Daktari alisema vali mpya inafanya kazi vizuri. Kisha akageuza kompyuta, akatuonyesha doa jeupe lililopinda kama kipande cha pete. Vali nyingine, inayoingiza damu kwenye chumba kilekile cha moyo ambacho ile ya kwanza huitoa, ilikuwa imezungukwa na chokaa iliyoganda. Walikuwa wameiona tangu vipimo vya mwanzo. Kuibadilisha kwa mrija kama ile ya kwanza haikuwezekana, na kumpasua kungekuwa hatari zaidi. Angepewa vidonge, na huenda pumzi isirudi yote.

Mama alikuwa akiufuata kwa macho mkono wa daktari.

"Kasemaje?"

"Kasema moyo wako umefunguka, mama."

Akatabasamu, akaushika mkono wa daktari kwa mikono yake miwili. Daktari aliamini nimeshamweleza yote. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka afurahi walau mpaka tufike nyumbani.

Nyumbani majirani walikuja kumpa pole na kusoma dua. Kila aliyeuliza, mama alimjibu kuwa katengenezwa, kawa mpya. Wiki chache baadaye akaanza tena kwenda shamba la muhogo. Nilimwambia apumzike, lakini sikumwambia kwa nini.

Asubuhi moja kijana wa pikipiki alimleta. Alikuwa amemkuta kakaa kando ya njia, hawezi kusema neno. Nilimlaza kwenye mito mitatu, na alipotulia nikagundua miguu imevimba. Dada yangu, anayekaa naye, akaniambia kwamba kwa muda sasa mama alikuwa anasali amekaa, na alimkataza asinieleze.

Nilimuuliza mama kwa nini amenificha. Alijifunika kanga miguuni.

"Nimeiharibu, mwanangu. Mmenipeleka kote kule, nami nimeshika jembe mapema, nimeiharibu vali ya watu."

Wiki zote hizo alikuwa anajilaumu. Nilikaa kitandani pembeni yake, nikamwambia kuhusu chokaa, pale ilipo, na kwamba ilikuwepo kabla ya mrija kuingia. Nikamwambia daktari aliyasema yote mbele yake, mimi ndiye niliyeyaacha.

Hakunigombeza. Aliuliza kama chokaa hiyo inauma, nikasema sijui. Halafu akasema, "Ungeniambia, ningejua namna ya kwenda nayo," akageukia ukutani. Siku mbili hakuzungumza nami zaidi ya salamu.

Sasa anameza vidonge vya kupunguza maji mwilini. Shamba analilima dada yangu, na mama humenya muhogo akiwa kwenye mkeka. Tulipokwenda Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, kupimwa tena, daktari alisema vali mpya ni nzima na chokaa iko palepale. Nilitafsiri neno kwa neno. Nilipomaliza, mama alinitazama, kisha akamtazama daktari, akaniomba nimuulize tena hali ya moyo wake. Nilimuuliza. Jibu lilikuwa lilelile, lakini mama aliendelea kumtazama daktari usoni, kana kwamba angeweza kukisoma Kireno pale.