Karanga za Kapteni

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hadubini wala chupa. Nilisimamishwa mlangoni. Mkuu wa Maabara, daktari mfupi mwenye sauti ya taratibu, alisema neno moja tu: "Mikono!" Nikainyoosha kama mtoto wa chuoni anayengoja bakora. Akaigeuza, akaona hina niliyopaka kwa ajili ya Idi. "Nnyabo Zaituni," akaniambia kwa heshima ya Kiganda, "hilo ni pambo, si uchafu. Ingia." Ndivyo tulivyoanza kila asubuhi, wote, na yeye alinyoosha yake mwisho ili tuikague sisi.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Kisenyi, wa watu waliokuja na biashara kutoka pwani, Kiswahili nimekinyonya. Mkuu alikuwa Muganda na Kiswahili kilimpiga chenga. Zamani hilo halikuwa tatizo. Lakini wanajeshi walipotwaa nchi, kila aliyekuja na bunduki alikuja na Kiswahili, basi nikawa mkalimani wa maabara. Nyongeza ya mshahara? Thubutu!

Kazi yetu hasa ilikuwa sumu ya ukungu, ambayo siku hizi mnaiita sumukuvu. Karanga au mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu ule huacha sumu inayokwenda kukaa kwenye ini. Huwezi kuionja. Ukaange, utwange, upike mchuzi wa binyebwa, yaani karanga, mtamu wa kulamba vidole, sumu imo. Tulikuwa tukiikamua kwa klorofomu, tunaidondosha kwenye kioo chenye unga mweupe, tunaimulika kwa taa maalumu gizani. Doa likiwaka buluu, karanga hazifai.

Kisha Wahindi wenye maduka ya dawa wakafukuzwa nchini, klorofomu ikaadimika, taa yetu ikabaki pambo. Wengine tungefunga mlango tukalale. Mkuu akasema turudi kwenye njia ya zamani: vifaranga wa bata. Kifaranga wa bata ini lake ni jepesi kushikwa na sumu hii kuliko la mnyama yeyote tuliyemjua. Nikawa mteja wa mama mmoja wa Namuwongo aliyefuga bata kwenye majimaji. Kundi moja tulilisha unga safi, kundi la pili unga wa kupimwa. Ukiwa na sumu, kundi la pili linadumaa, linapepesuka, linakufa, na ukilipasua unakuta ini limepauka.

Tulipima chakula cha wodi ya watoto wenye utapiamlo wa hospitali yetu, waliokuwa wakinyweshwa uji wa karanga. Kila shehena ilikaa kwanza kwenye stoo yetu. Tukiikubali, inakwenda jikoni. Tukiikataa, kanuni ni kuimwagia jivii, ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto wenye vidonda mdomoni, ili mjanja asiiuze kwa mlango wa nyuma.

Mwaka ule zabuni ilichukuliwa na kapteni mmoja wa jeshi. Akaleta magunia yake, mazuri kwa macho. Vifaranga waliolishwa karanga zake walikufa wote. Niliyapasua maini mwenyewe, nami nilikuwa na mtoto wa kunyonya nyumbani.

Kapteni alipokuja kuuliza jibu, Mkuu aliniambia, "Mweleze hazifai." Nikamweleza, kwa adabu zote, afande hivi, afande vile. Akacheka. Akatia mkono guniani, akajaza kinywa karanga, akatafuna huku ametukodolea macho.

"Mimi nakula. Mimi nakufa?" akauliza. "Bata yenu iko mgonjwa ya baridi."

Jamani, umjibu nini mtu kama huyo? Mkuu akasema, nami nikatafsiri, kwamba sumu hii haina haraka, kwamba mtoto dhaifu akiinywa kila siku itamla ini polepole. Kapteni akapangusa midomo. "Mimi naona leo tu. Naleta lori, napeleka jikoni sasa hivi. Mtu akigusa magunia, ataniona." Akaondoka.

Mkuu alifunga gunia lililoachwa wazi. Halafu akaniuliza, "Nnyabo, kanuni inasema nini?"

"Shehena iliyokataliwa hupakwa rangi, ssebo," nikamjibu, yaani bwana.

"Basi." Akaenda kuwatoa wenzetu kwa mlango wa nyuma, wasikutwe.

Mimi sikungoja. Hasira zilikuwa zimenipanda, Mungu anisamehe, nilitamani kumpaka rangi Kapteni mwenyewe. Nikakoroga jivii kwenye ndoo, nikafungua magunia, nikamwaga na kuvuruga kwa mikono mitupu, mpaka karanga zikawa kama zambarau za msimu. Mpishi gani angetia vile kwenye uji wa mgonjwa? Niliponyanyua uso, Mkuu alikuwa amesimama pale.

"Mikono," akasema.

Nikanyoosha. Zambarau mpaka viwikoni. Nje lori lilikuwa linaingia. Mkuu akakunja mikono ya shati, akazamisha yake ndani ya ndoo.

"Ssebo, unafanya nini?"

"Mkubwa wa hapa ni mimi. Aliyezikataa ni mimi." Akaniamuru nivae koti refu na glavu, nifiche yangu. "Nenda kwa vifaranga. Usitoke."

"Siendi!"

"Nenda!" Sikuwahi kumsikia akipaza sauti kabla ya hapo. Nikaenda.

Nikiwa chumba cha vifaranga nilimsikia Kapteni akinguruma, "Nani alifanya hii?" Siku zote mimi ndiye niliyemsemea Mkuu mbele ya askari. Siku ile alijisemea, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea. "Mimi. Tazama mikono."

Askari wake wakamtia Mkuu kwenye gari. Karanga wakaziacha, maana hakuna ambaye angezinunua.

Nyumbani Kisenyi mama yangu aliiona mikono ile. Aliponda hina akanipaka mpaka viwikoni kama bibi arusi, kuifunika zambarau. Majirani wakauliza, "Kuna arusi ya nani?" Nikawajibu ya binamu yangu, Jinja. Kwa mikono hiyo nikafuatana na mke wa Mkuu mpaka Nakasero, kwenye geti la wapelelezi wa serikali, ambalo watu hawakulisogelea. Mlinzi akatunong'oneza, "Mama, rudini nyumbani. Hamjaniona." Hatukumpata, si mzima si maiti. Rangi ilinitoka baada ya wiki chache. Sijapaka hina tena, hata binti yangu alipoolewa.

Nilibaki maabara, nikapanda, mpaka nikawa mkuu wa chumba kilekile. Sasa kuna mashine zinazotoa jibu kabla chai haijapoa, na hongereni. Lakini niwaambie jambo, wanangu: kazi hii haina shukrani. Mgonjwa aliyepona atakuletea kuku. Asiyeugua hakujui. Watoto wa wodi ile sasa wana wajukuu, wanakula binyebwa zao, na hawajui kama kulikuwa na mtu.

Asubuhi ya kustaafu niliita mlangoni kama kawaida, "Mikono!" Vijana wakanyoosha, nikakagua. Kisha wakaniambia wakicheka, "Na yako, Mama." Nikanyoosha. Ilikuwa safi. Nikalia mbele yao wote.