Mfuniko wa Chombo cha Maziwa

Juzi, kwa dada yangu, mjini Westerville, niliona kopo la sukari limefunikwa kwa mfuniko mrefu wenye ncha, ule ambao mama aliusuka kule Okolona tulipokuwa bado wageni huku ughaibuni.

Mchana alipoanza kuusuka, nyumba ilinukia sombe, yale majani ya muhogo, na mawese. Tulizunguka sahani moja ya bugali, ila baba hakunawa mikono. Alikuwa ametoka kuongea kwa simu na watu wa kwetu milimani. Mama naye hakula. Alikaa chini akisuka, kwa nyuzi za gunia la mchele, mfuniko wa chombo cha maziwa. Chombo chenyewe hatukuwa nacho, kwa hiyo niliamini ng'ombe wetu wako njiani.

"Mama, ng'ombe watafika lini? Nyuma ya parking kuna majani mengi."

Baba akatoka nje bila koti.

"Kula, mwanangu," mama alisema, na mikono yake haikusimama.

Sasa najua kwamba ng'ombe walikuwa wameporwa wote, na baba mdogo aliyewachunga alikuwa ameuawa.

Hiyo juzi, binti wa dada yangu aliniona nimeushika mfuniko muda mrefu.

"Urudishe, mjomba," akasema. "Unazuia sisimizi."