Kuku wa Mkonge wa Mama Muoki

"Mama Muoki, huyo kuku wako atataga lini?"

Waruguru, jirani wa mlango wa pili anayesali naye kanisa moja, aliuliza hivyo akipita na ndoo ya maji, na Nthenya, ambaye ndiye Mama Muoki, akajifanya hakusikia. Wiki ya tatu hiyo kuku wake wa mkonge yuko pale kwenye korido ya ploti yao ya vyumba vya kupanga, mtaani Mowlem, na kila akisimamishwa anaangukia mdomo kama mlevi.

Vikapu havijawahi kumsumbua Nthenya. Tangu usichana wake anasokota nyuzi za mkonge pajani, na husuka akitembea, akingoja zamu ya maji, hata akisikiliza mahubiri, ingawa siku hizi Mzee Kyule wa kanisa humkazia macho, naye huficha kazi chini ya leso. Lakini kikapu hakina miguu. Na ni yeye mwenyewe, Bwana amsamehe, aliyesimama mbele ya kanisa zima Mzee Kyule alipokuwa akiandika nani ataleta nini Jumapili ya mavuno. Wengine mahindi, wengine ndizi. Yeye asiye na shamba, ana kamba ya kuanikia nguo tu, akasema, "Niandike kuku. Nitamsuka kwa mkono wangu." Watu wakapiga makofi. Makofi hayo ndiyo yaliyomponza.

Jumamosi, kesho yake ndiyo mavuno, akajaribu mara ya mwisho: miguu ya waya, mkonge juu yake. Kuku akasimama. Nthenya akasema haleluya. Kuku akaanguka.

"Huyo basi atataga akiwa amelala!" Waruguru akacheka mlangoni kwake.

Nthenya akamgeukia kuku. Kuku anayelalia mayai, nani huona miguu yake? Akachukua makasi, akaikata yote miwili, akamkalisha kuku ndani ya kikapu chake kizuri kuliko vyote.

Kesho yake Mzee Kyule alikiinua kikapu mbele ya watu, akachungulia chini ya mabawa. "Miguu iko wapi, mama?"

"Ameikalia, mzee. Analalia mayai."

Kanisa likacheka, Waruguru wa kwanza, na Mzee Kyule akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akambariki kuku pamoja na mahindi na ndizi.

Baada ya ibada Nthenya alimfuata Mzee Kyule pale alipokuwa akikunja orodha yake.

"Mzee, mwaka ujao naomba uniandike samaki."